Nakuru hadi Kisumu kwa Baiskeli, Tukiandamana na Reli

Alhamisi: Nakuru hadi Molo

Tulitoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na binamu yangu, matatu za Njoro zikiwa bado zinaita abiria wa kwanza. Wengi wanaokwenda Kisumu kwa baiskeli hupitia Kericho ili wapate picha za mashamba ya chai. Sisi tuliamua kuandamana na reli: Njoro, Elburgon, Turi, Molo, Mau Summit, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni. Reli hiyo ilifika ziwani Desemba 1901. Waliopima njia yake walitafuta mwinuko ambao garimoshi la mvuke lingeumudu, na barabara ya huku haiachani nayo sana, kwa hiyo mtu wa baiskeli anaupanda Mau bila kukata pumzi.

Mimi nimekulia Nakuru mjini. Binamu amekulia Awasi, kwenye miwa ya baba yake, na huwa hapendi nikisema kilimo kinalipa. Basi safari hii niliibeba na swali moja, la kumuuliza kila mkulima atakayekubali kusimama na wageni wenye jasho: ukishapanda, unangoja pesa yako kwa muda gani, na ni nani anayekungojesha?

Njoro ilitupokea na ngano. Mwisho wa Novemba nyingi imeshavunwa, yamebaki mabua mafupi ya rangi ya dhahabu na ng'ombe waliofunguliwa kuyamaliza. Hapa ndipo ngano ya nchi nyingi hujaribiwa. Kuna aina ya kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kupewa jina Ug99, na tangu 2005 mbegu kutoka pande zote za dunia hupandwa kwenye kituo cha utafiti cha Njoro ili ionekane ipi itauhimili ugonjwa huo. Ukipita nje ya ua unaona mistari mifupi mifupi tu ya ngano, usingejua kwamba mkate wa watu wengi mno unategemea kinachoonekana humo.

Mzee mmoja tuliyemkuta kando ya shamba lake alikuwa anangoja kombaini. Ngano yake ilikuwa imekauka vizuri, ekari chache tu, na mwenye kombaini alikuwa bado kwa wenye mashamba makubwa. Mvua ikinyesha kwenye suke lililokauka, mbegu inaweza kuota palepale juu ya bua. Alikuwa akitazama mawingu ya upande wa Mau huku akizungumza nasi, na hakutaka kukaa. "Mimi singoji pesa, kijana wangu," akaniambia. "Mimi nangoja mashine."

Kutoka Njoro hadi Elburgon ni kupanda, na hewa inabadilika: harufu ya mbao mbichi, vumbi la msumeno, malori ya magogo. Elburgon ni mji wa mbao tangu zamani. Turi tuliipita tukiwa tumenyamaza, kwa sababu ya mlima na njaa.

Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na saa tisa alasiri tayari tulikuwa tumevaa majaketi. Nje kidogo ya mji tulikuta shamba la viazi linavunwa. Wanaume watatu walikuwa mbele na majembe ya meno, wakiinua tuta bila kulikata, na nyuma yao wanawake waliinama wakiokota na kuchambua: vikubwa kwenye gunia, vidogo pembeni vya mbegu, vilivyokatwa na jembe kwenye ndoo ya kupikia jioni. Kilichokaa juani na kuwa kijani walikitupa mbali, maana huwa kichungu na si salama kuliwa. Niliwaomba niokote nao tuta moja. Udongo wa Molo ni mweusi na mwepesi, unaingia kwenye kucha na hautoki kwa maji ya baridi.

Viazi vyenyewe ni Shangi. Kila mtu hulima Shangi kwa sababu huiva kwa karibu miezi mitatu na hupikika upesi, ndiyo maana wenye vibanda vya chipsi huitaka. Lakini Shangi hailali. Ukishaing'oa, haichukui wiki nyingi inaanza kuchipua, kwa hiyo mkulima asiye na stoo ya baridi hawezi kusema atangoja bei ipande. Shosho mwenye shamba alinieleza jambo hili kwa utulivu mkubwa, kisha akanionyesha gunia. Broka alikuwa amelijaza hadi mdomoni, akaongezea juu yake kichwa cha wavu wa kamba na kukijaza tena hadi kikatuna. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Pale shambani hapakuwa na mizani.

"Shosho, kwa nini usikatae?" nikauliza.

"Nikatae lori limeshafika na wafanyakazi wanataka kulipwa leo? Wewe ungekataa?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sikujaribu kulitunga.

Ijumaa: Molo hadi Muhoroni

Siku ndefu, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba tulimsikia mtu wa maziwa kabla ya kumwona: mikebe ikigongana, kengele ya baiskeli, kisha yeye mwenyewe, kijana wa miaka ishirini hivi, koti la mvua limefungwa kiunoni, mikebe miwili ya alumini nyuma na mmoja mbele. Tulienda naye bega kwa bega hadi kituo cha kukusanyia maziwa. Alitueleza hesabu yake bila kupunguza mwendo. Yeye hulipwa na chama mwisho wa mwezi kwa lita alizofikisha. Kila mkebe hupimwa kwa kifaa cha kuelea kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, na wakati wa baridi kama huu watu wanaotilia maji si wengi, aliongeza, kwa sababu ng'ombe wana majani ya kutosha. Maziwa ndiyo mazao pekee ya njia hii niliyosikia watu wakiyasifu kwa malipo. Si kwamba ni mengi. Yanakuja kwa tarehe inayojulikana, na mama anaweza kumwambia mwenye duka, tarehe fulani nitakulipa, na duka likamwamini.

Mashamba ya pareto, zao la kutengenezea dawa ya wadudu, tuliyaona hapa na pale kati ya Molo na barabara kuu, maua meupe yenye kiini cha njano, yakichumwa kwa mkono na kukaushwa. Kenya ilikuwa mzalishaji mkubwa wa pareto duniani. Malipo yalipoanza kuchelewa miaka na miaka, watu waliing'oa wakapanda viazi. Sasa inarudi polepole. Mama mmoja aliyekuwa akichuma alisema amepanda robo ekari tu, "nione kwanza kama wanalipa."

Mau Summit ni malori. Magari mazito ya Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na kwa baiskeli unashika ukingo wa barabara, unakazia macho mstari mweupe, huongei na mtu. Tulipochukua njia ya Kericho na baadaye kukata kuelekea Londiani, kelele iliisha na ndipo nikasikia mnyororo wangu unahitaji mafuta.

Londiani tulikula chakula cha asubuhi kwa mara ya pili. Hoteli ndogo, benchi moja, ugali wa moto na mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, iliyomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Rangi yake ni ya kijivu hafifu kwa sababu kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya maziwa kutiwa. Mwenye hoteli, kogo, yaani bibi, mwenye kitambaa cha buluu kichwani, alitusalimu kwa chamgei, tukaitikia tulivyoweza, akacheka na kutuongezea ugali. Alipojua tunaelekea Muhoroni alitoka nje, akatazama magurudumu yetu, akasema huko mbele ni kushuka tu na tusishindane na pikipiki.

Baada ya Londiani ni mahindi. Mabua yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani, na kila penye lami pana pembeni, watu wametandaza turubai na kuanika punje. Unaendesha katikati ya barabara kwa sababu ukingo wote ni njano. Mtoto anageuza mahindi kwa reki ya mbao, bibi amekaa chini ya mwavuli akifukuza kuku. Bodi ya nafaka hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mvua za Novemba hazijui asilimia. Wingu likitokea, barabara nzima inainuka: turubai zinakunjwa, magunia yanakokotwa, majirani wasiosalimiana wanasaidiana kubeba. Tulishuhudia hivyo karibu na Kipkelion, tukashuka kwenye baiskeli na kubeba nao. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na mvua yenyewe ikapita kando. Wakayaanika upya bila kulalamika. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu hushikwa na sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kupika. Kwa hiyo lile turubai la barabarani, ambalo wenye magari hulipigia honi kwa hasira, linalinda uhai wa watu ambao hawatamjua kamwe yule mtoto mwenye reki. Ningeomba wenye magari wapunguze mwendo hapo.

Kipkelion zamani iliitwa Lumbwa, na reli ina stesheni hapo. Eneo hili, pamoja na Molo na Londiani tulikotoka, liliumia vibaya kwa ghasia za kikabila mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008. Hata watawa Watrapisti waliokuwa na abasia yao hapa tangu miaka ya 1950 waliondoka 2008 wakahamia Uganda. Niliyataja hayo kwa mzee mmoja tuliyekaa naye kwenye kivuli cha duka. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sasa tunauziana maziwa," na akahamia habari za kahawa.

Kahawa ndiyo iliyonishangaza. Kuanzia hapo kwenda chini, kuelekea Fort Ternan, miti ya kahawa inasimama kati ya migomba, matunda yakiwa mekundu kabisa. Kwenye kiwanda cha chama cha ushirika wakulima walikuwa wamemwaga kahawa yao juu ya magunia na kuichambua kabla ya kupimwa: nyekundu huku, mbichi kule, iliyokauka kando. Chache za kijani zikipita, ladha ya fungu zima inaharibika, kwa hiyo karani hana huruma. Baada ya mizani matunda huingia kwenye mashine ya kumenya, mbegu zinalazwa zichachuke hadi ute ulegee, zinaoshwa, kisha zinaanikwa kwenye meza za wavu kwa siku nyingi. Baadaye kukoboa, baadaye mnada, na baadaye sana, pesa. Mama aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alisema kahawa aliyoleta leo huenda ikamlipia mwanawe karo ya muhula ambao bado haujulikani. Nikamuuliza kwa nini haing'oi kama wa pareto walivyofanya. "Baba yangu aliipanda," akasema, na akasogeza gunia lake mbele.

Kutoka kilimani ukianza kuteremka Fort Ternan, bonde la Nyando linafunguka lote kwa pamoja. Kulia kuna Tinderet, mbele ukuta wa milima ya Nandi, na chini kabisa tambarare ya kijani ambayo binamu aliinyooshea kidole kimya kimya, maana ndiyo kwao. Joto linakuja kwa hatua. Unavua jaketi, kisha sweta, kisha unatamani kivuli. Mikono ilikufa ganzi kwa kushika breki, na katikati ya mteremko raba za breki ya nyuma zikaisha kabisa, chuma kikaanza kulia kwenye rimu.

Fundi tulimpata Fort Ternan chini ya mwembe, na sanduku lake la vifaa lilikuwa betri kuukuu ya gari iliyokatwa juu. Alitoa raba mpya, akazipunguza kwa kisu zikae sawa na rimu. Halafu bila kuombwa akaipindua baiskeli, akazungusha gurudumu, na kuanza kugusa spoki moja moja kwa ukucha, kichwa kimeinama, akisikiliza. Iliyolia chini aliikaza kidogo. Iliyolia juu aliilegeza. Alimaliza gurudumu zima kwa namna hiyo, kisha akalizungusha tena na halikuyumba hata kidogo. Nilimwambia nimewahi kulipia kifaa maalumu cha kazi hiyo. Akasema masikio yake hayajawahi kuisha makali.

Karibu na hapo ndipo Louis Leakey alipochimbua, mwanzoni mwa miaka ya 1960, taya la Kenyapithecus lenye umri wa karibu miaka milioni 14. Fundi alilijua vizuri shimo hilo, na alisema wageni wanaolitafuta huwa wanakuja na magari makubwa wala hawana pancha.

Tuliingia Muhoroni jioni, harufu ya molasi ikitupokea kabla ya mji.

Jumamosi: Muhoroni hadi Kisumu

Hapa binamu ndiye aliyeongoza. Kuanzia Muhoroni ni miwa kushoto, miwa kulia, na matrekta yenye trela zilizojaa kupita kiasi. Miwa inayoning'inia hufagia barabara, kwa hiyo usilikaribie trekta ubavuni. Watoto huvizia penye matuta, miwa miwili mitatu ikaanguka, wakapotea nayo shambani.

Sukari ya Kenya ilianzia tambarare hii: kiwanda cha Miwani mwaka 1922, kisha Muhoroni na Chemelil katika miaka ya 1960. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne, hivi viwili vikiwemo, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Wakulima tuliozungumza nao njiani wana matumaini na wana hofu, mara nyingi ndani ya sentensi moja.

Baba yake binamu alitungoja Awasi na chai. Alinipeleka shambani akanionyesha miwa ya miezi kumi na minane, mirefu kuliko mimi mara mbili, na miwa ya pili iliyochipuka kwenye visiki vya mavuno yaliyopita, ambayo huiva mapema zaidi. Swali langu alilijibu kwa mkono: akakata muwa mmoja, akaumenya kwa panga, akanipa. "Huu sasa ni mtamu. Kesho kutwa umeanza kupungua." Muwa ukishakatwa sukari yake huanza kupotea ndani ya siku moja mbili, na mwenye shamba ndiye anayepoteza, kwa sababu hulipwa kwa uzito na miwa hukauka. Amewahi kukatiwa miwa na lori lisije kwa wiki nzima. Amewahi kupeleka miwa na kulipwa mwaka mwingine. Ndiyo maana wengine huuzia wenye mitambo ya sukari nguru. Bei yao ni ndogo, lakini wanalipa siku hiyohiyo, na mtu mwenye mgonjwa hospitalini hawezi kula bei nzuri ya mwakani. Nilipoyasikia hayo niliacha kumshangaa binamu.

Mitambo yenyewe tuliiona njiani, moshi mweupe juu ya bati. Maji ya miwa huchemshwa kwenye karai pana, makapi yakiwa ndiyo kuni, hadi yanakuwa uji mzito wa kahawia unaomiminwa kwenye vyombo ukagande.

Ahero tulipitia kwa shangazi, ambaye hulima mpunga. Skimu ya Ahero ilianza 1969 na maji yake hupandishwa kutoka mto Nyando kwa pampu za umeme, kwa hiyo umeme ukikatika, mpunga unaumwa. Lakini mwezi huu adui ni mwingine. Mpunga umeiva, na kweleakwelea wako hewani. Kundi linatua, suke linainama, na kwa dakika chache sehemu nzima imebaki makapi. Shule zimefungwa, basi watoto wote wa ukoo wako kwenye majaruba tangu alfajiri, na kombeo, mabati ya kupiga na kanda za kaseti zilizofungwa kwenye miti ili zivume kwa upepo. Nilishika bati kwa saa nzima. Mkono unachoka, sauti inakauka, na ndege hawachoki.

"Waya," nikamwambia shangazi, "huu mpunga ukiuza unalipwa lini?"

"Nyathina, mwanangu, huu mpunga nimeshaukopea. Unaouona hapo umeshaliwa kabla ya ndege."

Alisema hivyo huku akinichotea samaki wa kupaka. Kutoka Ahero hadi Kisumu ni barabara kuu ya tambarare, upepo wa ziwa usoni, na kutoka Nyamasaria kuingia mjini ni pikipiki, tuktuk na vumbi. Tulifika machweo.

Jumapili: Soko la Kibuye

Mapumziko ya miguu. Kibuye huwa imefurika Jumapili, na nilikwenda kutafuta viazi vya Molo. Nilivipata upande wa mboga, magunia yakiwa bado na vichwa vyao vya wavu. Mama muuzaji alifikiri nimekuja kukagua, akasimama kwa ukali kidogo. Nilipomweleza nilikotoka alinivutia kiti.

Alifungua gunia mbele yangu na kulimwaga. Chini kulikuwa na viazi vilivyolowana, vilivyochubuka, viwili vimeanza kunuka. Akaviweka kando, akahesabu. Halafu akanihesabia na ushuru wa kaunti aliyotoka mzigo, ushuru wa hapa, vibarua wa kupakia, vibarua wa kupakua, na nauli ya lori. Yeye hapimi kwa kilo, huuza kwa mafungu na kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, kwa hiyo ile lumbesa ndiyo faida yake. Gunia la kilo 50 kamili, alisema, lingemfanya auze bei ambayo wateja wake hawana. Nilimweleza habari za shosho wa Molo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi mwambie aje na mizani, na mimi nije na mizani," akasema. "Tatizo ni huyo wa katikati, yeye hataki ipimwe popote."

Nilimwachia namba ya chama cha wakulima wa viazi ambayo shosho alikuwa amenipa, akaiandika kwenye kava ya daftari lake la madeni. Nilinunua fungu moja, tukalipika jioni na omena. Kesho ni Maseno, pale barabara inapokata Ikweta, kisha Luanda, Yala na Ugunja hadi Busia. Binamu anasema huko ni mihogo na mtama, na tayari ameandika maswali yake mwenyewe.